Sweta ya Høgni

Nilianza kuifuma Høgni akiwa na miaka saba.
Mgongo ulifika kiunoni, ukasimama hapo,
sindano zimechomekwa kama za mtu aliyetoka mara moja
kuangalia chungu jikoni
akarudi baada ya miaka kumi na tisa.

Sikuitupa. Ningeitupa ningekuwa mkweli.
Niliihamisha: kabatini, juu ya kabati, chini ya kitanda,
na kila Januari nikaitaja kwenye orodha,
baada ya meno, kabla ya kuacha sukari.

Watu husema ahadi ni deni.
Sawa. Lakini deni unalojidai mwenyewe
halina mdai wa kukugongea mlango.
Unajikopesha, unajisamehe,
unajikaribisha chai.

Mwaka huu, Oktoba, zamu ya usiku kiwandani,
tukipanga minofu ya samaki kwenye barafu,
Rannvá wa mashine ya tatu akaniuliza,
"Sunnvá, wewe unataka nini?"
Hakukusudia makubwa. Alikuwa anakwenda kununua kahawa.
Nikajibu, "Nataka kumaliza sweta,"
na mashine zikaendelea kunguruma
kana kwamba sikusema neno.

Asubuhi niliifumua yote.
Sufu ya kijivu ikatoka imejisokota,
bado inakumbuka kifua cha mtoto.
Nikaiosha, nikaining'iniza juu ya beseni,
kijiko kizito chini yake ili inyooke.

Nikaandika kwa penseli, mlangoni pa friji:
MISTARI ISHIRINI KILA SIKU.
Siku nne nikatimiza, kifua mbele.
Ya tano, kumi na miwili.
Ya sita upepo ukakata umeme Klaksvík nzima,
nikashukuru, Mungu anisamehe, nikalala.
Kisha siku kumi na moja zikapita
nikifungua friji bila kuutazama mlango wake.

Nilichofanya baadaye si ushujaa.
Nilichukua kifutio.
Ishirini nikaifuta, nikaandika MIWILI.
Mistari miwili. Mtoto wa shule angeona haya.
Miwili birika likichemka,
miwili nimeshavaa koti, basi la zamu halijafika,
miwili nikigombana na dada yangu kwenye simu
(hiyo imekaza, ukiipapasa utaijua).
Kuna siku miwili ilizaa mitano,
kuna usiku ilizaa arobaini,
na kuna siku miwili ikabaki miwili,
nayo ikahesabiwa.

Høgni akaja Desemba kutoka Aarhus, ndevu tele,
mabega ya baba yake.
Sweta ilikuwa na mkono mmoja.
"Nitakutumia kwa posta," nikasema.
Akanitazama kama mtu
aliyezisikia Januari zangu zote.
Akaivaa hivyo hivyo, akaketi,
akaulaza mkono wake mtupu juu ya meza.
"Fuma."

Jioni tatu alikaa hivyo,
akinywa kahawa kwa mkono wa kushoto,
akilalamika kwamba sufu inamwasha.
Nilimchoma mara mbili. Mara moja kwa makusudi.
Asubuhi ya nne, basi la uwanja wa ndege likimngoja nje,
nilifunga kitanzi cha mwisho kwenye kifundo chake,
na kwa kuwa mkasi haukuonekana
nikaukata uzi kwa meno.

Nyuma, chini kidogo ya shingo, kuna mfuo.
Sufu ikikaa sindanoni siku kumi na moja
hujikunja, haisahau.
Yeye haujui, uko mgongoni.
Mimi niliuona akishuka ngazi,
akipungua, akigeuka kona ya duka la mikate,
mfuo wangu ukienda naye Aarhus.

Nimerudisha penseli juu ya friji.
Kifutio nimekiweka karibu yake.