Upande wa Deni

Dadu ya kwanza tuliichonga kwa kipande cha sabuni.
Joto la Oktoba likailainisha mikononi,
tarakimu zikafutika, na joka likakosa kufa
maana hakuna aliyejua kama ile ni nne
au ni alama ya ukucha.

Ya pili ilikuwa ya shaba:
waya wa simu iliyokufa zamani, Kabwit aliuyeyusha
katika kopo la maziwa, juu ya makala ya mama yake,
naye mama akauliza bukari itapikiwa wapi.
Ilikuwa nzito. Ilitoboa ramani.
Kila ilipoanguka mezani, mtoto wa jirani aliamka.

Ya tatu ndiyo hii.

Jiwe la malakiti, kijani cha bwawa lililolala,
mistari yake inazunguka, inazunguka, haifiki.
Tulimpelekea fundi Kisimba, yule anayechonga
visahani vya majivu na tembo wa kuuzia wageni.
Tukamwambia: baba, leo si tembo.
Tupe pande sita, na usiandike namba.
Akavua miwani. "Sasa mtahesabu nini?"
Ngosa akamchorea kwenye karatasi ya sukari:
mlango, mvua, mbwa, moto, mkono,
na wa sita, ambao tuliubishania hadi jioni,
deni.

Maana katika nchi yetu tuliyoibuni,
yenye milima ya chumvi na malkia asiye na kivuli,
mtu akishindwa hafi.
Anadaiwa.
Unataka daraja? Vuka,
lakini mlinzi amekuandika katika kitabu chake
na atakuja, labda wiki ijayo,
labda siku ya harusi ya binti yako,
amevaa vizuri, na njaa.

Tuliipima kabla ya kuiamini.
Umeme ulikatika Katuba nzima.
Feza alishika mshumaa, mimi daftari,
Kabwit akarusha mara mia na ishirini.
Mlango kumi na tisa. Mvua kumi na saba.
Mbwa kumi na sita, moto vilevile.
Mkono kumi na tano.
Deni thelathini na saba.

Ngosa alicheka hadi akakaa chini.
"Jiwe la kwetu hili. Limezoea."
Tukairudisha kwa fundi; akaigeuzageuza,
akaipima kwa kiganja kama anayenunua yai.
"Upande wa mkono una mshipa mzito," akasema.
"Kizito hulala chini. Deni linabaki
linatazama mbingu. Niikate upya?"

Tulitazamana.
Hatukumpa jibu, tukampa franga zake.

Jumamosi, juu ya mlango wa kabati tuliougeuza meza,
shujaa wa Feza alifika darajani.
Akarusha: deni.
Akarusha kwa nafasi ya pili: deni.
Ya tatu ilizunguka muda mrefu pembeni ya kikombe,
ikatulia, na sote tukaisoma kimya.
Feza, ambaye mchana huuza vocha kando ya barabara
na ana daftari lake la wanaomkimbia,
na jingine, la anaowakimbia,
hakusema kitu. Alianza kukunja karatasi ya shujaa wake,
mara mbili, mara nne,
kama mtu anayefunga duka.

Ndipo Kabwit akanyoosha mkono.
Kabwit, ambaye mwizi wake kwa miezi minne
hajampa mwenzake hata msumari.
Hakurusha. Aliinua dadu taratibu
akachungulia chini yake.
"Mkono uko hapa," akasema. "Ulikuwa hapa mara zote."
Kisha, kwa sauti ya mwizi, yenye kamasi na majivuno:
"Mlinzi, andika jina langu."

Niliandika. Mimi ndiye mlinzi,
mimi ndiye malkia, mvua, mbwa wote wa nchi ile,
lakini sikuwa nimeliandaa jambo hilo.
Kalamu ilikwama kidogo.

Nje, mama yake aliita:
"Kabwit! Na kopo langu la maziwa
utalilipa lini?"