Bugali Ndani ya Radiateri

Mara ya tatu lilichemka palepale,
kwenye kona ya mwisho kabla ya soko la Kadutu.
Mvuke ukafunika kioo,
vijana wa mikokoteni wakapiga miluzi
kana kwamba nimeleta bibi harusi.

Na mshale haukupanda, lazima niseme.
Ulilala kwenye baridi kama mgeni aliyeshiba.
Niliuamini.

Cirhuza alikuja na ndara, chupa ya maji,
kipande cha kitenge kilichochakaa, na neno moja: tungoje.
"Hii kifuniko, mama, ukiifungua sasa
itakutemea usoni."
Tukangoja. Manyunyu yakaja, yakaondoka.
Akaniuliza kama daktari wa watoto:
Linachemka likisimama, ao likipanda?
Likipanda.
Na kule Nguba, kwenye tambarare?
Kule lina adabu.
Maji yanapungua?
Kila asubuhi naongeza chupa mbili.
Chini linaacha tone?
Hakuna tone.
Hapo akanyamaza,
kama aliyesikia jina la mtu anayemfahamu.

Alishika mpira wa juu: unaunguza.
Mpira wa chini: baridi kama pua ya mbwa.
"Maji yanabisha hodi, hayafunguliwi."
Akavuta kijiti cha oili, akakinusa.
Haikuwa na rangi ya chai ya maziwa.
"Shukuru. Kichwa cha moteri ni kizima."
Termostati akaitumbukiza katika sufuria ya muuza chai
(tulilipia chai ile, hakuna aliyeinywa);
ikafunguka taratibu
kama jicho la anayesinzia kanisani.
Feni ilizunguka. Mkanda ulikaza.
Kila kipande kilikuwa na shahidi wake.

Basi akaishusha radiateri,
akaipindua juu ya beseni, akaigonga kwa kiganja.
Kwanza maji ya kutu.
Kisha kitu cheupe, kizito: pu.
Kingine: pu.
Akakiminya kwa vidole viwili, akakinusa,
akajizuia kucheka, akashindwa.
"Mama Nsimire. Hii ni bugali."

Unga wa muhogo. Mtu alikuwa na tundu,
akamimina unga, moto wa moteri ukaupika,
tundu likaziba kwa wiki moja.
Wiki moja inatosha kuuza gari.

Nikamkumbuka Namegabe, kiganja juu ya boneti
kama anayeombea mgonjwa.
Tulilijaribu kwa kushuka tu,
kutoka Nyawera mpaka ziwani;
kurudi, akasema petroli imekwisha, tupande pikipiki.
Dola elfu mbili na mia tatu,
likelemba ya wanawake kumi na mmoja,
miaka miwili ya sambaza zilizokaushwa.
Nyuma ya dashibodi waya wa mshale ulikuwa umekatwa,
ncha zake zimefungwa utepe mweusi, vizuri, kwa unadhifu.
Unadhifu ule ndio ulioniuma.

Tundu lenyewe tulilipata mwisho.
Lisingepitisha hata punje ya ulezi.
Lehemu ya franga elfu tano ingelimaliza.

Kuku wa jirani akaja kwenye beseni,
akadonoa mara moja, akaenda zake.

Cirhuza alisafisha mpaka giza. Nusu ya mirija ilikataa.
"Ngoja radiateri ingine, itatoka Uvira.
Ao," akasema bila kuniangalia,
"unga uko, na wanunuzi wako."
Sikumjibu. Niliosha beseni.

Sasa ninapanda Kadutu hivi alivyonifundisha:
joto la ndani nimelifungulia mpaka mwisho
ili homa ya moteri inijie mimi,
vioo chini, mvua begani, jasho mgongoni,
na mshale, waya wake umeungwa,
unatetemeka katikati kama mtu anayesema kweli.
Kando yangu Nabintu anajipepea kwa daftari la likelemba.
Mwezi ujao zamu ni yake.
Anapapasa kiti, anagusa dashibodi.
"Siku ukiliuza," anasema,
"uniambie mimi kwanza."

Tumefika kwenye kona ya mwisho.