Kijiko cha Mwaka Jana

Batulbai alitugawia achari miaka kumi na minne,
na miaka yote hiyo hakutugawia siri yake.
Mama akiuliza, anahesabiwa vidole:
embe mbichi, yenye kokwa iliyoanza kukaza,
chumvi ya mawe, manjano, haradali ya kupondwa nusu,
uwatu, habasoda, pilipili kavu ya kutia rangi,
mvuje kiasi cha ukucha.
"Bas. Hiyo tu."
Mama akatengeneza hiyo tu,
ikatoka chachu kama maneno ya mke mwenza.

Nyumba zetu zilishikana kwa wikio,
kijichumba kinachovuka ujia juu ya vichwa vya punda.
Mimi ndimi niliyekuwa posta:
kwenda na kipande cha mkate wa sinia,
kurudi na bakuli chini ya kawa,
nikichovya kidole njiani, nikikifuta kwenye gauni,
na manjano yakinisengenya kabla sijafika.

Tuliila vipi? Usiniulize, mate yatanitoka.
Kaka yangu Shekuwe, kwa kiporo cha wali asubuhi,
baridi, kimeshikana; alichimba shimo katikati
akamimina mafuta yake tu, vipande akaviweka mwisho.
Mama, juu ya muhogo wa kuchemsha.
Mimi, kwa papa mkavu aliyechomwa, hata midomo iwake.
Shangazi Mwanahadie, na mimba yake ya kwanza,
aliila bila kitu, nyuma ya mlango,
akafyonza kokwa mpaka ikawa nyeupe.
Baba alisema haipendi, inamletea kiungulia.
Lakini mkono wa kulia wa kanzu yake
ulikuwa na doa lililoishinda sabuni ya mche.

Mwaka ule embe zilipoanza kuanguka
Taherali, mumewe, alisinzia dukani adhuhuri,
futi ya kupimia vitambaa mapajani,
hakuamka.
Batulbai akaingia eda.
Miezi minne na siku kumi,
na embe hazingoji eda ya mtu.

Mama akavuka na kisu chake na ubao.
Siku tatu walikata pamoja, hawakusema mengi.
Vipande tukavianika darini juu ya mkeka,
nikapewa fimbo, niwe adui wa kunguru,
na harufu ile ikinikaza taya.
Siku ya nne, mafuta yamechemka, yamepoa,
Batulbai akafungua kabati, akatoa chupa ya zamani.
Imebaki inchi moja, nyeusi kama lami.
Ndiyo aliyokuwa akiila Taherali.

Akachota kijiko kimoja.
Mkono ukakaa hewani.
"Kila mwaka," akasema, "kijiko cha mwaka jana.
Mama yangu alivuka nacho kutoka Kachi
ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi.
Usinilaumu, dada. Mtu akishapewa yote
haji tena kunijulia hali."
Mama hakujibu. Alishika chupa isiteleze.

Leo Batulbai yuko kwa mwanawe, Mombasa,
hasikii vizuri kwenye simu, huniuliza tu: "Imeiva?"
Kule wikioni sasa pana matofali;
aliyenunua nyumba ni mtu mwema, hali pilipili.
Binti yangu nesi anaikagua chupa yangu
kama anayesoma cheti cha mgonjwa,
anasema kitu cha zamani hakichanganywi na kipya.
Namwachia aseme. Chakula cha mchana
hujipakulia mara mbili.

Juzi mke wa jirani, kijana, mgeni kutoka Siyu,
alirudisha bakuli likiwa limeoshwa, na mahamri manne ndani.
Akauliza mimi huifanyaje.
Nikamhesabia vidole: embe, chumvi, manjano, haradali,
uwatu, habasoda, pilipili.
Nikafika kwenye mvuje,
nikamkaribisha chai.