Mtu wa Fani

Barua imekuja na mhuri, imenijibu kwa adabu:
hatua hii ni dhahiri
kwa mtu yeyote wa fani.
Hataza haitatolewa.

Nimeisoma nimesimama, hapa Chang'ombe,
mashine namba nne ikihema mgongoni,
ikimeza punje nyeupe, ikitema vifuniko vya ndoo.

Naomba kuuliza basi:
huyo mtu wa fani anakaa wapi?
Miaka kumi na mmoja vifuniko vilipinda
kama sikio la mbwa aliyesikia jina lake.
Tukavisaga, tukaviyeyusha, tukavimimina upya,
vikapinda tena. Alikuwa wapi?
Mhandisi Rweyongeza alileta vitabu viwili na mtaalamu kutoka Pune.
Wakaongeza shinikizo. Wakapunguza shinikizo.
Fundi Lihundi akasema ni mafuta ya kalibu.
Mama Sikitu wa kufungasha akasema ni mkono wa mtu.
Mtu wa fani hakusema kitu.

Zamu ya usiku, umeme ukakatika, ukarudi,
maji baridi yakarudi upande mmoja tu.
Vifuniko thelathini vikatoka
vimenyooka kama sinia.
Wenzangu walikuwa wamelala juu ya magunia.
Mimi nilikuwa nahesabu.
Nikajiuliza: kwa nini ubaridi uwe sawa
kwa kalibu isiyo sawa, huku mgongo, huku tumbo?
Nikaanza kupasha tumbo, kupoza mgongo,
sekunde tisa, sekunde kumi na moja, kumi na nne.
Kovu la kiganja hiki ni la sekunde kumi na mbili.

Sasa wanasema maji baridi yalijulikana.
Maji moto yalijulikana. Kalibu ilijulikana.
Kweli. Na unga unajulikana, na maji, na moto,
ila uji wa madonge bado unanyweka mjini humu.

Sikatai, pengine ni dhahiri.
Kitendawili nacho ni dhahiri
ukishatoa mji ukaambiwa.
Wao hawajatoa hata mtaa.

Jumamosi nilinunua ndoo Temeke.
Nikabonyeza kifuniko: tap.
"Za siku hizi zinafunga, dada," akasema muuzaji.
"Kwa nini za zamani hazikufunga?"
Akainua mabega,
akanitafutia chenji.