Kata

Mwaka ule salfa ilichelewa, korosho zikatoka na madoa,
na mkutano wa chama ukaitwa Jumanne, ghalani Mahuta,
tumekaa juu ya magunia yaliyokwisha kushonwa.
Mwenyekiti alisoma makato kama anayesoma majina ya marehemu:
ushuru, usafiri, kamba, mfuko wa hiki, mfuko wa kile,
na shilingi thelathini kwa kila kilo, za kisima.

Nikasimama. Mimi Somoe Nalinga, mikorosho sitini na miwili,
mitatu imeliwa na mchwa.
Nilisema hivi, nakumbuka hadi pale nilipovuta pumzi:
"Nakubali kukatwa,
mkinionyesha kwanza kisima cha makato ya mwaka juzi,
maana nimechungulia bondeni mpaka shingo ikauma
na sijaona hata shimo la panya."
Watu walicheka. Karani hakucheka. Wala hakuandika.

Kufika Ijumaa nilikuwa nimekatwa kweli.
Sekunde mbili: mdomo wangu, kitenge changu cha samaki,
*nakubali kukatwa*,
na chini yake maandishi ya njano: MKULIMA ATOA BARAKA.
Ikaenda. Kwa mtendaji wa kata, kwa kata ya jirani,
hadi Mbagala kwa mwanangu, aliyepiga simu usiku wa manane
akauliza: mama, wamekupa shilingi ngapi?

Wale wa upande wa pili nao hawakulala.
Wakanitengenezea sauti. Sauti yangu, wallahi,
na kikohozi changu cha vumbi la ghalani ndani yake,
inamporomoshea mwenyekiti matusi ya nguoni
ambayo ninayajua, ila huwa nayameza.
Nikawa wawili, nisiwe hata mmoja:
asubuhi msaliti, jioni mchochezi,
na mchana, ninyofoapo korosho kwenye mabibo,
hakuna wa kuniambia hata pole na kazi.
Kituoni walinisikilizisha. "Ni wewe huyu?"
Nikasema, kikohozi ni changu.

Aliyekata namjua. Chilumba, mtoto wa Bi Tabia wa kwenye pampu mbovu.
Siku anatoka jandoni nilimchinjia jogoo.
Alikuja mwenyewe nyumbani, macho kwenye kucha za miguu.
"Walinipa bando la wiki," akasema.
"Halafu mama, ndefu haiendi.
Ndefu watu hawaifungui."
Nikampa ming'oko kwenye kisahani. Nifanyeje?
Alikuwa na njaa.

Lakini neno lake lilinikaa kama uzi wa muhogo kwenye jino.
Ndefu haiendi.
Usiku nikawa naligeuza: wanakata kilo, wanakata maneno,
ofisi ni ya kata, na kata nyingine naikunja mwenyewe
kila alfajiri, iniwekee ndoo mbali na fuvu.
Kumbe neno moja, mipini mingi,
na sisi siku zote tumeshikishwa upande wa makali.

Mkutano wa pili nikasimama tena.
Simu zikainuka kama masikio ya sungura.
Mwenyekiti akajifuta shingo kwa leso ambayo haikuwa na kazi.
"Kisima kiko wapi?"
Nikakaa.

Chilumba alinitazama kwenye kioo chake,
akanirudisha nyuma, akanitazama tena,
akitafuta pa kupitisha kisu.

Hiyo haikusambaa. Nisidanganye,
haikuvuka hata barabara ya Newala.
Wiki nzima watu walikuwa na video ya mbuzi aliyepanda pikipiki.

Ila Jumatatu, foleni ya maji, giza bado,
Esha Mkwanda, ambaye hakuwa amenisemesha tangu ile Ijumaa,
alikunja kanga yake, akaiweka kata sawasawa utosini,
akajitwisha, akasubiri ndoo itulie,
kisha, bila kugeuza shingo, akaniuliza:

"Hivi, kiko wapi?"