Bati la Upande wa Kushoto

Miaka arobaini na mmoja alisimama uwanjani,
magurudumu yamefungwa kwa saruji,
na kila Novemba halmashauri ikampaka rangi,
kijani juu ya kijani juu ya kutu,
kama watu wanaomvika maiti koti jipya
mwaka hadi mwaka, wasimzike.

Watoto waliteleza mgongoni mwake. Mimi pia.
Upepo wa Patagonia haukucheza: ulimtafuna
taratibu, kwa meno ya mchanga.

Kisha tukaja saba, na kreni ya kuazima,
tukamrudisha karakana ya El Coirón
ambayo kondoo walikwisha kuigeuza zizi.
Ndani ya tangi la maji tulikuta
kiatu kimoja cha harusi, chupa kumi na nne,
mfupa wa paja, na kiota
cha ndege aliyehama bila kulipa kodi.
Huenchul akasema: "Hesabuni. Andikeni.
Siku akiulizwa alikula nini, tujibu."

Mirija mia na ishirini na sita.
Tuliing'oa mmoja mmoja.
Mikono yangu ilinuka masizi hadi kwenye mkate,
hadi kwenye mto wa kulalia.
Chai chungu ilizunguka, mrija mmoja, vinywa saba;
huo tukauita wa mia na ishirini na saba.

Kisha msasa. Kijani, kijani, kijani iliyokoza,
kijivu cha enzi za wanajeshi,
na chini kabisa, kwenye bati la kibanda cha dereva,
upande wa kushoto, mkwaruzo wa msumari:
DELFINA NA ANSELMO.

Delfina ni mama yangu.
Baba yangu aliitwa Eleuterio.

Nilizima mashine. Wenzangu walidhani umeme umekatika.
Nikapitisha kidole kwenye ile A ya pili,
imechimbwa kwa nguvu, kazi ya mtu
anayejua tayari kwamba atasahauliwa.
Bati lenyewe lilikuwa chekeche. Ukiligonga
linamwaga unga mwekundu.
"Kata," akasema Huenchul. "Kutu haijui kusoma."
Nikakata. Kipande cha viganja viwili
nikakifunga gazetini, nikakificha chini ya kiti cha gari,
na pale penye majina nikachomelea bati jipya,
milimita nne za ukimya.

Jaribio la kwanza la maji, boila lilitoa machozi
kwenye ribiti tatu. Injinia Bevacqua, aliyetoka mjini
na kalamu mbili mfukoni, akafunga daftari.
Hakusema neno. Tulililipia neno hilo
majira yote ya baridi.
Jaribio la pili, geji ikapanda, ikasimama.
Nusu saa nzima mshale haukupepesa.
Akatoa muhuri. Nikaona kucha zake zina wino
kama zetu zilivyo na masizi.

Siku ya kuwasha, moto haukuja kwa shangwe. Ulikohoa.
Mafuta mazito, tambi, laana mbili tatu,
halafu saa tano ambazo hakuna anayezipiga picha:
chuma kinapata joto kama mgonjwa anavyozinduka,
ncha za vidole kwanza.

Mama alifika saa nne, akasimama mbali na wanasiasa.
Nikamwendea na lile gazeti. Nikalifungua.
Akakitazama kile kipande kwa muda wa treni kupita,
treni ndefu, ya mizigo.
Kisha akalifunga tena, kona kwa kona,
anavyokunja mashuka.

Ndipo Huenchul alipovuta mnyororo.
Mbwa wote wa mji wakajibu.
Mwanamume mmoja akavua kofia bila kujua.
Magurudumu yakateleza mara moja, mara mbili,
yakashika reli.

Mama akafunika mdomo kwa mkono wenye pete ya baba.
"Honi siyo ile," akasema. "Ile ilikuwa nzito zaidi."

Nilitaka kumwambia ni ileile,
tuliisafisha kwa siki tu.
Nikanyamaza.
Mvuke ukatupitia, wa moto, kisha wa baridi,
ukatuacha nyuso zimelowa.
Mama akauliza tikiti zinauzwa wapi.