Mstari wa Ishirini

Nikibofya Hifadhi, jedwali linanirudisha kwa akina Abasi.
Kila mara. Nimeshafika mbali, herufi M,
nimesahihisha tarakimu moja tu ya akaunti ya mtu,
duara linazunguka, linazunguka,
halafu hao: Abasi Chambuso, Abdalla Dihenga,
Abdalla Mgumba, Abeid, Adelina,
wamekaa palepale kama wenye nyumba
na mimi mgeni niliyesahau mwavuli.

Wastaafu elfu nne mia mbili na ishirini,
ishirini kwa ukurasa.
Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Samora,
feni inachukua joto la Februari mezani kwa Elisante,
inaniletea mimi, inamrudishia.
Kompyuta haikumbuki nilipokuwa.
Basi kwa wino wa buluu, kwenye kiganja cha kushoto:
137. Nafuta kwa mate. 138.
Mchana nakula mihogo ya Mama Kulwa
nikiwa nimenawa mkono mmoja.

Mama alikuwa na duka Buguruni,
na daftari la madeni, na njiti ya ufagio
katikati ya daftari.
"Mkiwa na njaa chukueni hela kwenye droo," alikuwa akisema,
"njiti muiache."
Nilidhani ni ukali tu.

Wiki ya pili Elisante akanionea huruma.
Kijana wa mafunzo kwa vitendo, vidole vyekundu kwa ubuyu.
Alikalia kiti changu robo saa,
akanionyesha juu ya kioo, mwisho wa ile anwani ndefu,
namba.
"Ukurasa sasa unaandikwa hapa. Hifadhi, zima,
nenda kwenu Kinyerezi, umeme ukatike ukitaka,
utaukuta."
Jumatatu nikaukuta. 139.
Nikanawa mikono yote miwili, kwa sabuni.

Jumatano kikaja cheti cha kifo.
Abeid, yule wa ukurasa wa kwanza.
Nilimjua kuliko jirani yangu:
tawi lake la benki, na jina la baba yake
lililokosa herufi, nikaipachika mwenyewe.
Dirisha namba mbili wakamwondoa saa nne na nusu.

Sikusikia kitu.
Lakini benchi la korido unalijua,
akiinuka wa mbele, wote wanasogeza makalio.
Watu elfu nne wakasogea
nami nimeinamia mia na thelathini na tisa,
nikaumaliza, nikabofya Mbele.

Saa nane, dirishani, mwanamke amefunga kadi zake kwenye leso.
"Mwatumu Pazi, wa Chamazi.
Wenzangu wote wa kiwandani wameshapata ujumbe kwenye simu."
Nikafungua mia na arobaini: inaanza na Mwatumu Sizya.
Hayupo.
Nikarudi nyuma, kwenye ukurasa ambao ningeuapia,
nikamkuta ukingoni, mstari wa ishirini,
akaunti yake imepungua tarakimu moja.
Alikuwa wa kwanza kule. Amevuka kuja huku
wakati mimi navuka kwenda kule,
tukapishana bila salamu.

Elisante akakuna kichwa. Namba ilikuwa sahihi, alisema.
Na kweli ilikuwa sahihi.
Hilo ndilo lililonikera mpaka jioni.

Nilimsomea Mwatumu tarakimu moja moja, akiitikia, eee, eee.
Nikamwomba radhi. Hakuuliza ya nini,
alikuwa anahesabu nauli ya kurudi.

Siku hizi saa kumi na nusu, kabla sijazima,
namba naiachia kompyuta, ni yake.
Mimi naandika jina la wa mwisho niliyemgusa.
Kesho nitamtafuta kwanza, popote watakapokuwa wamemsogeza,
nianzie kwa anayemfuata.

Jana mwanangu akanishika kiganja tukiwa mezani.
"Mama, Neema Kolowa ni nani?"
Nikamwambia: njiti hiyo. Usiiguse.